Isale Nililolikataa

Jumamosi, siku ya kuamkia Jumapili ya Matawi.

Mvua ya masika haijakatika tangu Jumatano. Wingu limeshuka mpaka kwenye migomba yangu, na mlima hatujauona kwa siku nne. Shambani hakuna kilichoharibika. Ninaandika kwa sababu nimefanya kosa, na nimezoea kuyaandika makosa ya watu wengine, si yangu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mwalimu wa masomo ya ubatizo katika usharika wetu. Kesho baada ya ibada wazee wa kanisa watakutana, nami nitampa mchungaji orodha ya watakaobatizwa Pasaka. Ina majina kumi na moja. La mwisho ni la Bibi Manka, na siku ya Alhamisi nililipiga mstari kwa mkono wangu.

Bibi Manka ni mjane. Amenizidi umri kwa miaka kumi na mitano au zaidi, na bado hubeba ndizi kichwani mpaka sokoni Kiboriloni. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa matambiko na hakutaka kusikia habari za kanisa. Alipokwisha kuzikwa, mama huyu alikuja mwenyewe, bila kuitwa na mtu, akaketi benchi la nyuma. Huu ni mwaka wake wa tatu wa masomo. Ni mara ya tatu pia ninamwangusha.

Siku ya mtihani tulikuwa wazee wawili, mimi na Mzee Elifasi. Nilimwita Bibi Manka mbele, akasimama akiegemea ukingo wa meza.

"Amri ya tano, Bibi?"

"Usiue. Hiyo ninaijua, Mwalimu. Sijaua mtu. Labda kuku."

"Ya sita?"

"Hiyo na zinazofuata waulize hawa wenye meno."

Benchi zima lilicheka. Mzee Elifasi alijifunika mdomo kwa kofia. Mimi sikucheka. Nilimwuliza swali ambalo mwanafunzi asipolijibu hapiti kwangu, yaani, mwanadamu huokolewa kwa njia gani? Jibu lake katika kitabu cha masomo lina mistari mitano. Amelisikia kwa miaka mitatu, kila Alhamisi.

Aliitazama mikono yake.

"Asubuhi nilikuwa nalo, nikikata majani ya ng'ombe," alisema. "Sasa limekwenda."

Nilisubiri kadiri inavyostahili, kisha nikapiga mstari.

Jana asubuhi alikuja nyumbani kwangu, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini hakuketi. Alinyoosha mikono yote miwili. Ilikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Watoto wetu wanaosoma mbali huenda watasahau, kwa hiyo ninaeleza. Katika mlima huu, aliyemkosea mwenzake humpelekea isale, na aliyepelekewa hupokea. Hahesabu ukubwa wa kosa. Hamtaki mkosaji aeleze vizuri. Hata aliyemwaga damu ya ndugu yako, akisimama mlangoni na jani lile, unalipokea na neno limekwisha. Isale halikataliwi. Babu zetu, ambao tuliwaita watu wa giza, hawakulikataa.

Mimi nilirudisha mikono nyuma.

"Bibi," nilisema, "ubatizo hauombwi kwa majani. Hayo ni mambo ya kienyeji."

"Siombi ubatizo," alijibu. "Nimekuudhi miaka mitatu. Unakunja uso kila unaponiona. Nimekuja kukuomba radhi."

"Hujanikosea mimi. Umeshindwa mtihani."

Mvua ilikuwa inamchuruzika. Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba Mungu ana huruma kuliko watu. Watu wakiletewa isale wanapokea. Mbona Mungu wako anauliza maswali?"

Mimi, ambaye nina jibu la kila swali la kitabu kile, nilitazama viatu vyangu. Alilaza jani juu ya jiwe la mlangoni akaenda zake.

Mke wangu alikuwa amesimama ndani akaona yote.

"Baba Naomi, umekataa isale?"

"Mambo ya kanisa huyajui."

"Ya kanisa siyajui. Ya aibu ninayajua." Akarudi jikoni, na chakula cha mchana aliniwekea mezani pasipo neno.

Sasa niandike lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa ukurasa huu.

Mchungaji hajawahi kulikataza isale. Sikulikataa kwa ajili ya imani. Nililikataa kwa sababu nilijua kwamba nikilipokea nitalazimika kulirudisha jina la Manka, na nikilirudisha jina la Manka pasipo jibu la mistari mitano, nitakuwa nimejihukumu kwa habari ya mama yangu.

Mama alianza masomo ya ubatizo nilipokuwa mwalimu kijana. Alikuwa mgumu wa kushika maneno. Nilimfundisha jioni, na nilimkemea mbele ya wadogo zangu kama nilivyowakemea watoto wa shule. Kabla hajamaliza akashikwa na homa ya mapafu. Mchungaji alikuwa safarini upande wa pili wa mlima. Siku ya tatu mama aliniita, akasema kwa Kichagga kwamba anataka maji ya Mungu, na kwamba nisichelewe.

Kanisa linamruhusu Mkristo yeyote kumbatiza mtu aliye hatarini kufa. Nilijua. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo mwezi uleule.

Nilimwambia: "Mama, hujamaliza kukariri Imani. Ukipona tutamaliza."

Hakupona.

Tulimzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, nje ya makaburi ya kanisa, kama mtu asiyebatizwa. Watu wa usharika walinisifu. Walisema mwalimu huyu hana upendeleo hata kwa mama yake mzazi. Nilizipokea sifa hizo, na kila mwaka nimezilinda. Kila mzee niliyemwangusha kwa kukosa maneno nilimwangusha ili mama yangu aendelee kuwa na hatia, nami niendelee kuwa na haki. Sikulijua hili wakati ule. Au nililijua nikaliita uaminifu.

Nimefundisha miaka yote hii kwamba hakuna awezaye kuununua wokovu kwa matendo yake. Nimewakanya watu wasitegemee sadaka zao, wala mbuzi wa matambiko. Kisha nikaweka mlangoni bei yangu mwenyewe, nayo ni kukariri.

Leo baada ya mchana niliteremka kwa Bibi Manka. Mfongo, mfereji wetu wa maji, umefurika ukakata njia ya mkato, ikanipasa kuzunguka kwa barabara ya chini. Nilimkuta ndiyo kwanza anarudi kutoka Kiboriloni na chumvi yake, amelowa, anawafokea mbuzi walioingia kwenye mahindi. Mkamwana wake aliniletea kigoda. Nilikataa kuketi. Mkosaji haketi kabla ya kusema neno lake.

"Bibi, jina lako limo katika orodha."

Aliweka chumvi chini. "Nimejibu swali gani?"

"Hukujibu."

"Basi umeniandika kwa sababu gani?"

Hapo nilitafuta mistari mitano. Ilikuwapo yote, imepangika, lakini nilipoutazama uso wake niliona kwamba nikiisema nitakuwa ninajificha nyuma yake tena. Nikasema, "Kwa sababu umeomba. Mungu anakupenda, nawe umekuja. Hakuna kingine."

Alinitazama sana, kisha akacheka cheko la mtu aliyechoka.

"Mwalimu, mbona nimeomba tangu mwaka juzi!"

Mkamwana alikimbilia ndani ya nyumba, nami nikasikia anacheka humo. Safari hii sikukasirika. Nilistahili.

Nikamweleza habari za mama yangu. Sijawahi kumweleza mtu, hata mke wangu anajua nusu tu. Nilieleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Bibi Manka alimfahamu mama. Walikata majani pamoja kwenye kingo za mto walipokuwa wanawake vijana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliomba kwa kinywa chake?" aliuliza.

"Kwa kinywa chake."

"Na wewe unafikiri Mungu alikuwa anakungoja wewe ndipo amsikie?"

Nilitaka kumsahihisha. Nilitaka kumwambia kwamba ubatizo ni agizo, si desturi ya kuchezewa, na kwamba mambo ya waliokufa tunamwachia Mungu mwenyewe. Hayo ni kweli, na nitaendelea kuyafundisha. Lakini yeye hakuwa ameyakana. Aliniuliza swali tu, nami kwa mara ya pili katika siku mbili nilishindwa mtihani wa mwanamke asiyezijua amri zote kumi.

Nilimwomba radhi. Sikuwa na isale mkononi, na nilimwambia kwamba jambo hilo ninalionea haya.

"Mtu mzima amepita kwenye tope lote lile," alisema, "halafu nimwulize jani? Keti, Mwalimu. Kuna maziwa."

Nikaketi. Nikanywa.

Ninaandika haya jioni, kabla ya sala ya nyumbani. Ninajiuliza kama nimeokoka, mimi niliyewapitisha wengi. Nilibatizwa nikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Nilijibu kila swali na sikukosea hata neno. Nadhani tangu siku ile nimeamini kwamba Mungu alinipokea kwa sababu nilijibu vizuri. Sikumbuki hata mara moja nilipomwomba kitu nikiwa mikono mitupu. Mama yangu aliomba hivyo. Manka ameomba hivyo miaka mitatu. Labda hao wawili walikuwa ndani, nami nilisimama nje nimeshika ufunguo, nikidhani kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba.

Sitaacha kufundisha maswali. Mtu anayempenda Mungu hujifunza habari zake, na mvivu nitamwita mvivu. Lakini sitampima tena mtu mwenye kiu kwa ufasaha wa kuomba maji.

Limebaki la kesho, nalo linanitisha kuliko yote. Nimeliandika upya jina la Manka kwa wino. Mzee Elifasi ataliona, na ataniuliza mbele ya mchungaji kwa nini aliyeshindwa amepitishwa. Ningeweza kusema kwamba nilimhoji tena nyumbani kwake akajibu. Wataniamini, miaka ishirini hawajanikuta na uongo. Jibu hilo lilinijia njiani nikipanda kurudi, likiwa limekamilika na laini, na nakiri kwamba nilitembea nalo hatua nyingi.

Sitalisema. Nitasimama na kuanza na jina ambalo halijawahi kutamkwa katika kanisa lile. Nitawaambia kwamba palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mkunde, mama yangu, aliyeomba maji kwa kinywa chake, na kwamba mimi mwanawe nilikuwa na maji nikamnyima.