Kofia Nyekundu na Sahani za Bi Asya

Jumapili. Mvua imeanza alfajiri, na sasa, watu wanatoka msikitini kuswali magharibi, bado haijaamua kama inaondoka au inalala hapa hapa. Mji Mkongwe ukinyeshewa namna hii kila mtu hujifungia kwake. Mimi huwa nafurahi, maana siku hiyo sina tofauti na wengine.

Leo ni siku yangu ya mapumziko, na mapumziko kwangu ni adhabu. Hotelini nakaa mapokezi, angalau nasema "karibu" kutwa nzima. Nyumbani sina wa kumwambia.

Niseme kweli. Mpaka adhuhuri ya leo nilikuwa sijatoa sauti tangu jana jioni. Nilikuja kujua nilipokohoa, nikashtushwa na kikohozi changu mwenyewe.

Naishi peke yangu, ghorofa ya juu ya nyumba tuliyokulia. Baba alitangulia zamani, Mama alifariki mwaka juzi. Tumezaliwa wawili tu, na dada yangu Zuhura ameolewa Muscat, ana watoto wake na mambo yake. Mimi sijaoa. Waliokuwa wakiniuliza nitaoa lini wameshachoka kuuliza, na hilo nalo linauma kwa namna yake.

Basi paa likaanza kuvuja. Nikaingia jikoni kutafuta beseni la kukingia maji, na beseni lilikuwa nyuma ya sahani za Bi Asya.

Hizi sahani ndizo zinazoninyima raha. Bi Asya ni jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, nyumba ya chini, mjane, anakaa peke yake kama mimi. Mama alipokuwa hai, sahani zilikuwa hazipumziki baina ya mlango wake na wetu. Huyu akituma tambi, yule anarudisha katlesi. Mwezi wa Ramadhani uliopita Bi Asya aliniletea futari, leo muhogo, kesho ndizi, kesho kutwa mkate wa kumimina, zote katika sahani zake nzuri zenye maua ya buluu. Na kwetu hurudishi sahani ya jirani tupu. Mwanamume mzima, sijui kupika chochote zaidi ya mayai. Nikaiosha ya kwanza, nikaiweka, nikasema kesho nitatia kitu. Kesho ikaja sahani nyingine.

Mpaka Ramadhani inaisha nilikuwa na rundo zima, na uso wa kumtazama nilikuwa sina.

Sikukuu ikapita, sahani zikakoma. Nikajua nimemchosha. Tangu hapo nikitoka kazini nazungukia kichochoro cha nyuma, kile cha wauza vinyago, ili nisipite mlangoni pake. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unakaribia kwisha na bado nazunguka. Mtu pekee katika mtaa huu aliyekuwa akijua kama nimekula, namkwepa kwa sababu ya vyombo.

Nikachukua beseni, sahani nikaziacha pale pale.

Maji yalikuwa yakidondokea kasha la Mama. Nikalivuta, nikalifungua kuangalia kama nguo zimerowa. Zilikuwa kavu. Chini kabisa, ndani ya foronya iliyofungwa fundo, nikakuta TV gemu yetu.

Mama alituambia ameigawa.

Baba alituletea kutoka Dubai. Plastiki yake ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa manjano. Pedi mbili za kuchezea, na kaseti moja. Watoto wenzetu walikuwa na kaseti zenye michezo chungu nzima, sisi tulikuwa na mchezo mmoja tu, uliotokana na filamu ya yule bwana anayeingia chini ya mlima kusaka taji la malkia. Filamu yenyewe tuliiona kwa mkanda wa kuazima. Kiingereza hatukijui, Da Zuhura akawa ananitafsiria kwa kubuni. Akaniambia yule bwana anamtafuta mke wake aliyepotea. Miaka mingi nilicheza mchezo ule nikijua namsaidia mtu kumpata mkewe. Ukubwani ndipo nilipogundua kuwa hana mke, ana tamaa ya dhahabu tu.

Nikaichomeka kwenye TV. Haikuonyesha kitu. Nikaitoa kaseti, nikaipuliza kama alivyokuwa akipuliza dada, kwa Bismillahi, taratibu, kama mtu anayesomea maji. Nikairudisha, na ule muziki ukatoka. Nikakaa chini kwenye mkeka bila kupenda.

Kidole kikachagua wachezaji wawili chenyewe. Sijawahi kuchagua mmoja maishani mwangu. Mama alikuwa mkali kwa hilo, ama mnacheza nyote kwa zamu au nazima.

Mchezaji wa kwanza ana kofia nyekundu, wa pili ana kofia ya buluu. Nyekundu anakimbia, akifa, buluu anaanza. Nyekundu alikuwa Da Zuhura siku zote, kwa vile ndiye mkubwa. Mimi nikaokota pedi yangu, ile ya pili, ambayo kibonyezo chake mpaka leo kina wekundu wa ubuyu. Nikasubiri.

Kofia Nyekundu akasimama kwenye mdomo wa pango, akawa anapiga hatua pale pale bila kwenda. Ndivyo ulivyo mchezo huu. Haukuhimizi, wala haukuruki akapewa zamu mwingine. Mtu wa zamu asipobonyeza, yule bwana atakanyaga pale pale mpaka mwisho wa dunia.

Nami, na umri wangu wote huu, nikakaa nikimsubiri dada abonyeze.

Sijui nilikaa muda gani. Najua nililia kidogo, na mvua ikanisitiri.

Halafu nikaokota pedi yake nikamchezea. Vibaya. Nyoka wa kwanza akamuua. Nikaweka pedi chini, nikaokota yangu, nikacheza mimi. Nikafa. Nikaokota yake. Ukicheza zamu mbili peke yako unachoka zaidi kuliko kucheza moja, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Hata hivyo mikono ilianza kukumbuka. Nikapita kwenye nyoka, nikapita mawe yanayobiringika, nikafika kwenye daraja.

Daraja hilo lina pengo katikati. Utotoni sikuwahi kulipita. Nilikuwa nikifika hapo nampa Da Zuhura pedi, ananivusha, ananirudishia. Leo nimeruka pengo lile kwa kila namna, kwa kukimbia, kwa kusimama, na kila nikiruka naanguka shimoni.

Nikampigia simu.

Hilo limenigharimu kuliko linavyoonekana. Siku hizi mimi na dada tunatumiana picha za maua zilizoandikwa Ijumaa njema, basi. Akapokea haraka, sauti ya hofu.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Da Zuhura, lile daraja ulikuwa ukilipitaje?"

Nikadhani simu imekatika. Kisha akacheka, kicheko chake kile kile cha kukosa pumzi, na nyuma yake nikasikia mtoto anauliza mama ana nini.

"Umeipata wapi wewe?"

"Ndani ya kasha la Mama. Kwenye foronya."

"Kumbe kaiweka," akasema, na sauti ikamshuka. Kisha akasema, "Sikiliza. Usiruke. Pale hapana mtu anayeruka. Nenda mpaka ukingoni ushuke tu, kama unayejiangusha. Kamba iko chini, huioni mpaka uifikie."

"Miaka yote hii hukunambia?"

"Hukuuliza! Ulikuwa unanipa pedi tu."

Nikacheka. Halafu akaniuliza lile nililokuwa silitaki.

"Bi Asya hajambo?"

Nikamweleza habari ya sahani. Nilitaraji atacheka tena. Hakucheka.

"Zote ziko kwako?"

"Zote."

"Sele, mimi huku jengo zima simjui hata mtu mmoja kwa jina. Nkipika kikazidi namtilia nani? Wewe una mtu wa kukuletea sahani, unamkimbia." Akavuta pumzi. "Hebu tia chochote. Ndizi huna?"

Ndizi ninazo, nikamwambia.

"Basi zipike. Na tui usiache kulikoroga, litakatika."

Tui limekatika. Nilikoroga, nikaenda kumwaga maji ya beseni, nikarudi nikakuta limejigawa, mafuta juu na maji chini. Ndizi zenyewe zilikuwa zimelainika kupita kiasi. Nikazitia katika sahani moja ya maua ya buluu, nikazitazama, nikataka kuzimwaga. Kisha nikaona nikizimwaga leo, sahani hizi nitazirithisha. Nikabeba rundo lote mkono mmoja, ndizi mkono wa pili, nikateremka ngazi.

Kichochoro chenyewe ni cha kuvuka kwa hatua chache tu. Nilifika nimerowa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Suleiman, Bi Asya. Shikamoo."

Mlango ukafunguliwa. "Marahaba, mwanangu." Hakunitazama usoni. Alitazama sahani. Nikaanza hotuba niliyoiandaa ngazini, kwamba nina haya, kwamba kazi ni nyingi, kwamba mimi si mpishi. Hata hakuisikiliza. Alilipokea lile rundo kwa mikono miwili, akalikumbatia.

"Afadhali," akasema. "Mi nlikuwa sina sahani."

Sikumwelewa.

"Sahani zangu zote nzuri ziko kwako. Zilobaki zimevunjika mdomo. Ntakuleteaje chakula kwenye sahani ya kuvunjika, wewe mtoto wa Bi Khadija?" Akaziweka juu ya meza, akazipangusa kwa upindo wa kanga. "Kila nkipika nakutolea sehemu yako. Halafu nakumbuka sina cha kukutilia. Inabaki kwenye sufuria, naila mwenyewe asubuhi."

Muda wote nilipokuwa nikizungukia kichochoro cha nyuma, sehemu yangu ilikuwapo sufuriani.

"Nlikuwa nkisikiliza viatu vyako ukirudi kazini," akasema. "Siku hizi sivisikii. Nkafikiri umechoka na kupika kwangu, unakula huko hotelini."

"Nilikuwa naona haya, Bi Asya."

"Haya ya nini?"

Nikamwonyesha zile ndizi. Akazionja nimesimama hapo hapo. Akatafuna kwa muda, anafikiria namna ya kuniambia.

"Tui limekukatikia."

"Naam."

"Na hukutia iliki."

"Sina iliki."

Akaingia ndani. Akatoka na sahani ya wali na mchuzi wa pweza, ameifunika kawa, na juu ya kawa amebana kijifuko cha iliki. Sahani ya maua ya buluu, hata haijalala usiku mmoja kwao. Nikataka kukataa. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama Mama nikikataa kunywa dawa, nikapokea.

Nimerudi nikakuta nimesahau kuzima mchezo. Zamu ilikuwa ya Kofia Nyekundu, kwenye ukingo wa lile pengo, anakanyaga pale pale. Nilikuwa nimeshaokota pedi nimteremshe, nikaiweka chini. Nikampiga picha nikampelekea Da Zuhura. Jibu lake limekuja kwa sauti, sentensi moja, na nimeisikiliza zaidi ya mara moja.

"Usimguse, nkija ntamteremsha mwenyewe."

Hakusema anakuja lini, nami sikumuuliza. Najua umeme wetu ulivyo, ukikatika hata mara moja yule bwana ataanza upya tangu kwenye nyoka. Lakini nimefunika TV kwa kanga ya Mama, na chini ya kanga mwanga unaonekana kidogo.

Wali nimeumaliza. Nimekula kwa sauti, nikijisemesha, "ala, pweza huyu!" kama mwendawazimu. Upweke haujaondoka. Upo, umekaa upande wa pili wa mkeka, ila leo sikula nao peke yangu.

Sahani nimeshaiosha. Sikuiweka kabatini. Nimeiweka mlangoni, juu ya viatu vyangu, pamoja na iliki ya kutia kwenye ndizi za kesho. Kesho nikitoka kazini napita njia yangu ya zamani, na nitakanyaga kwa nguvu ili viatu vizungumze.