Sekunde sifuri mbele ya mwenyekiti

Khalayi uko? Soma haraka kabla laini ya simu ikatike. Leo nimeaibika hadi nikatamani ardhi inimeze.

Unakumbuka programu yangu ya kujumlisha uzito wa miwa? Ile nilikuwa najigambanga inamaliza kwa sekunde sifuri? SIFURI, Khalayi. Wiki jana wazee wa ushirika walinipigia makofi.

Sasa leo walikuwa waamue, kazi wanipe mimi ama Swaumu, naye ana programu yake ya kujumlisha. Na kwa kiherehere changu nikasema tupime tena, kwa toleo jipya la ile laibrari huria, ile ya bure tulipimia nayo kasi wiki jana. Mimi mwenyewe! Disketi nimeibeba kwa mikono miwili kama sadaka.

Ya Swaumu, sekunde nne.

Yangu, tukangoja. Chai ikaletwa. Tukamaliza chai. Bado tu.

Nikafungua maelezo ya toleo jipya, jasho linanitoka. Kumbe lile la zamani lilikuwa halitumii jibu la hesabu popote, kwa hivyo kompyuta ikaona hakuna haja ya kuhesabu, ikaruka kila kitu. Toleo jipya limeziba huo mwanya. Yaani wiki jana programu yangu haikujumlisha hata muwa mmoja!

Swaumu akawaelezea wazee polepole, bila hata kucheka. Afadhali angecheka.

Mwenyekiti, Mzee Shikanga, akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Kijana, hata wakata miwa wangu wanamalizanga kwa sekunde sifuri. Siku ile hawajakuja."