Waya Zilizovaa Nguo

Jumatatu, 3 Agosti

Suruali mbili zimekwisha. Ya tatu bado pindo. Upepo mkali, vumbi mpaka ndani ya cherehani. Mchana Mwalimu Yona kaniletea redio ya shule. Waya zake nne za betri zimevikwa uzi uliosukwa, na uchafu umezila rangi. Anasema kwa kuwa zimevaa nguo, ni kazi ya fundi cherehani. Mtu huyu! Ila nimekubali haraka kuliko anavyojua. Jumapili saa kumi kwaya ya binti yangu Naomi itaimba kwenye redio ya Dar es Salaam. Anasomea uuguzi huko, mwaka wa pili sasa hatujamwona. Kijiji kizima cha Ulemo hakuna redio nyingine.

Jumanne, 4 Agosti

Brashi kavu kwanza. Halafu kitambaa chenye sabuni, nimekikamua hasa, maji yasiingie ndani. Rangi hizo zikajitokeza! Nyekundu, nyeusi, nyeupe ya madoa mekundu, nyeupe ya madoa meusi. Mama yangu kaja kutazama, akasema hili ni zizi la ng'ombe, rangi zote zipo. Tumecheka sana. Lakini uzi umekakamaa, ukiukunja unataka kukatika. Nimemwambia Mama asiziguse.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwisha. Mama kazipaka samli jana jioni, kwa nia njema, kama anavyolainisha kamba za ngozi. Panya wamefanya karamu. Uzi wote umeliwa. Umebaki mpira, mzima namshukuru Mungu, lakini waya zote nne sasa ni nyeusi tii, hazitofautiani hata kidogo.

Mwalimu ana karatasi inayosema rangi ipi iende kwenye betri ipi. Ukikosea, vioo vya ndani, vile vinavyowaka kama taa, vinaungua papo hapo. Sasa ipi ilikuwa rangi ipi? Sikuandika. Urefu wa kila suruali ya Ulemo ninao, hili sikuandika. Mjinga mimi.

Nimempigia Mama kelele. Mama mzazi! Kaondoka. Sijala.

Alhamisi, 6 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa Mama. Shikamoo yangu ilitoka kwa aibu. Akaniacha nimesimama mpaka alipomaliza kupepeta uwele, ndipo akaitikia. Nikaomba radhi. Akajifunga khanga, tukaja naye.

Alikaa mbele ya redio akaziinua waya moja moja. Hii nyekundu, nilianza nayo kuipaka, nene kuliko zote. Hii ya madoa meusi, fupi kuliko wenzake. Hii nyeusi, ina uvimbe hapa shingoni. Iliyobaki, ya madoa mekundu. Hakusita hata kidogo. Nikamwuliza ana hakika gani.

"Wewe mtoto, nimechunga tangu sijaota magego. Ng'ombe nikishamshika simsahau, hata umchune ngozi."

Ijumaa, 7 Agosti

Siku nzuri mno. Nyuzi nyekundu na nyeupe zilibaki nilipokuwa nashona bendera za sherehe ya kutawazwa Malkia wa Uingereza. Nyeusi haikosekani kwa fundi. Mama anapitisha uzi kwenye nta, mimi nazungushia waya, mzunguko juu ya mzunguko, bila mwanya. Mama anaimba. Madoa nimeyatia kwa kupitisha uzi wa rangi ya pili. Zimependeza kuliko zilivyokuwa, nasema mwenyewe.

Jumamosi, 8 Agosti

Mwalimu kaogopa. Anataka tungoje fundi wa redio kutoka Singida, atakuja mwezi ujao. Mwezi ujao! Naomi anaimba kesho. Akauliza nani kathibitisha rangi. Nikasema Mama. Kanitazama weee. Akasema ikiungua, lawama zote kwangu. Haya. Zije kwangu.

Jumapili, 9 Agosti

Darasa lilijaa, wengine madirishani. Mwalimu alichomeka waya. Kimya. Nikafa. Kisha mkwaruzo, kisha mtu akisoma habari, safi kabisa. Vigelegele!

Saa kumi kwaya. Naomi ndiye aliyeanzisha, mstari mzima peke yake kabla wenzake hawajaingia. Sauti yake imekomaa. Nimelia mbele za watu na sijali.

Mama hakulia. Alikaa sakafuni karibu na betri, kaishika ile nyekundu katikati ya vidole, mpaka wimbo ukaisha. Sikumwambia aache.