Mto Ndani ya Droo

Jumatatu, 3 Machi

Kiroboto, mwanangu, amelala. Nina nusu saa, pengine haifiki. Ana miaka miwili na usingizi wa paka.

Leo Baba (baba mkwe wangu, yuko chumba cha mbele) ameweka sanduku juu ya meza ya chakula, akalisukuma kwangu kwa kidole kimoja. Lori la plastiki la kuunganisha. Vipande mia mbili na kumi na vinne! Anasema Jumamosi ya wiki ijayo wenzake wa kikosi cha zamani wanakutana, na kila mmoja atapeleka kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kumbukumbu. Yeye anataka kupeleka lori lake, likiwa mtoni. Na mto uwe wa maji kabisa. Maji yasiyomwagika.

Nikamwuliza, Baba, kwani mimi fundi? Akaninyooshea mikono. Inatetemeka, kama siku zote. Akasema wewe unamkata Kiroboto kucha huku anakimbia, hili litakushinda nini.

Nikafungua sanduku.

Mume wangu ameshangaa kuliko mimi. Anasema hao wazee wanakutana kila mwaka, mwaka wa thelathini huu, na baba yake hajakanyaga hata mara moja. Kila mwaka alishikwa na mafua. Siku ile ile!

Jumatano, 5 Machi

Tunakula chini. Meza ni ya jeshi.

Kazi inakwenda hivi: Baba anasoma karatasi ya maelekezo, mimi nabandika. Kipande namba thelathini na saba! Mbele kidogo! Kulia! Nimemwambia Baba mimi si kuruta, ukinifokea tena lori litatoka na magurudumu matatu. Akaomba radhi. Kwa sauti ile ile ya amri.

Tulipofika nyuma ya lori ndipo nilipojua. Halikubeba askari. Halikubeba silaha. Lilibeba sufuria! Miaka sita nimeolewa nyumba hii nikijua baba mkwe aliendesha "gari la vita". Kumbe lori la jiko! Nilicheka mpaka gundi ikanishikisha vidole viwili. Baba hakucheka. Akasema, Mama Kiroboto, hujaona watu mia wenye njaa wakikutazama.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini (hutengeneza lifti, huja amechoka kuliko mimi, au ndivyo anavyodhani) akanihadithia kisa chenyewe. Anakijua kwa moyo. Kikosi kiko ng'ambo, siku mbili hawajala. Mto umejaa kidogo tu, maji hayafiki hata nusu ya gurudumu. Baba anavuka huku anapiga honi. Watu wanakula. Mwisho.

Jambo moja la ajabu. Dereva wa plastiki Baba hataki awekwe kwenye kiti. Nimeshampaka rangi mpaka masharubu! Amemchukua, akamtia kwenye mfuko wa shati.

Kibanio changu cha nyusi sasa kinashika vifuniko vya sufuria. Nyusi zangu zimekuwa vichaka.

Ijumaa, 7 Machi

Tumechomoa droo ya juu ya kabati letu la nguo. Hilo ndilo bonde. Kingo za mto ni plasta (ule unga mweupe wa kukanda na maji), na udongo ni majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, nimeyakausha dirishani. Matope nimerusha kwa mswaki. (Wa mume wangu. Hajui.)

Nimekwenda kwa muuza rangi kutafuta hayo maji. Yanaitwa rezini. Yanakuja kwenye chupa mbili, unachanganya, yanaganda kama kioo. Akanionya kwa kidole: mama, tabaka jembamba kila siku. Ukimwaga yote kwa pamoja yanachemka na kupasuka. Na likishaganda limeganda — kuongeza unaweza, kupunguza huwezi.

Nikasema hiyo si rezini, hayo ni maneno yakishamtoka mtu.

Akanitazama. Mimi na Kiroboto mgongoni na majani ya chai kwenye nywele.

Jumamosi, 8 Machi

Tabaka la kwanza! Nimepimia kwa chupa ya zamani ya Kiroboto, kwa kuwa ina mistari. Rangi ya kahawia kidogo. Nimemwaga polepole huku sipumui. Likajitandaza lenyewe, likalamba magurudumu. Zuri! Zuri sana! Nilisahau kama nimeamka saa kumi na moja.

Tukairudisha droo kabatini ili Kiroboto asiifikie.

Jioni: droo ilikuwa na ufa. Mto umevujia droo ya chini. Soksi za mume wangu, jozi tatu, zimekuwa za kioo. Amegonga moja mezani, ikalia ko! Akauliza kwa upole sana kama kuna kitu kingine cha nyumba hii ambacho jeshi linakihitaji.

Chupa ya Kiroboto nayo imekufa. Kijiko kimesimama ndani kama mlingoti.

Jumapili, 9 Machi

Ufa nimeuziba. Tabaka la pili, maji nusu ya gurudumu kama kisa kinavyosema. Nikasema tayari.

Baba akainama, akatazama muda mrefu. Ongeza kidogo, akasema.

Jumatatu, 10 Machi

Bampa limezama. Ongeza kidogo.

Kiroboto ana jino linaloota. Sijui nani ananisumbua zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Tabaka la nne. Maji yamefika kwenye vioo vya milango. Sufuria nilizozibandika kwa kibanio, moja moja, siku mbili nzima — zote chini ya maji! Na Baba anasema nini? Ongeza kidogo.

Leo sikuvumilia. Nikamwuliza, Baba, hili ni lori au nyambizi? Mbona wanao uliwaambia nusu ya gurudumu? Akasema mvua ilinyesha. Nikasema lini, tangu Jumapili? Akaondoka akaenda kukunja nguo za Kiroboto. Kazikunja vibaya. Hajawahi kukunja nguo maisha yake.

Mume wangu anasema ni uzee, wazee wote hutia chumvi. Lakini mimi naona wanaotia chumvi huanza zamani. Huyu ameanza Jumapili.

Nimetafuta barua ya mwaliko, nikapiga namba iliyo chini. Akapokea mzee mmoja. Nikasalimu, nikasema mimi ni mkwe wa dereva wa lori la jiko, nina swali moja tu: maji yalifika wapi?

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, mwanangu, nakuja kesho. Usimwage hata tone.

Jumatano, 12 Machi

Kiroboto amelala kwa babu yake, mikono yote miwili imemshika sikio. Niandike upesi.

Amekuja. Mzee mfupi, mnene, fimbo mkononi. Baba alikuwa anakunywa chai, akakisahau kikombe hewani.

"Mwiko!"

"Breki! Hayo mafua yamepona?"

Ndivyo walivyoitana jeshini. Mgeni Mwiko kwa kuwa alikuwa mpishi. Baba Breki kwa kuwa, kasema Mwiko, breki ndicho kitu pekee ndani ya lori asichokijua kiko wapi.

Nikamwonyesha droo. Alijiona askari tena, akaizunguka mikono mgongoni. Kisha akasema:

"Breki, maji yako machache."

Machache! Nimemwaga mara nne! Akaweka kiganja hewani, juu ya paa la lori. Hapa, akasema.

Nikamtazama Baba. Yeye alikuwa anatazama kamba ya nguo nje. Akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Mwiko akasimulia. Lori halikuvuka. Lilifika katikati, likageuka ubavu, likaenda chini na wali wote na maharage yote na mkate wa siku mbili. Baba alitoka dirishani. Alishafika ukingoni aliposikia Mwiko, aliyekuwa naye lorini, anapiga kelele, maana Mwiko hajui kuogelea hata kwenye beseni. Akarudi. Sufuria kubwa ilikuwa inaelea, akamtia Mwiko ndani yake kama kuku, akaisukuma mpaka ng'ambo. Na ng'ambo watu mia wamesimama, wana njaa, wanangoja lori — wanaona mpishi anakuja peke yake, amekaa ndani ya sufuria.

"Walicheka?" nikauliza.

"Walicheka mpaka wakakaa chini," akasema Mwiko. "Ndicho kitu pekee walichopata siku ile. Mkate uliletwa kesho yake jioni."

Baba akasema taratibu, "Siku tatu na nusu. Kwa sababu yangu. Niliambiwa ningoje maji yapungue."

"Na mimi nilikuambia twende," akasema Mwiko. "Mbona hilo husemi? Kila mwaka tunasomewa barua yako ya mafua, na kila mwaka nasimama nawaambia habari ya sufuria. Hakuna aliyekulaumu ila wewe. Sasa mkwe wako aniweke humo. Nionekane tumbo."

"Watacheka."

"Waache wamalizie."

Baba aliomba maji ya kunywa.

Mume wangu alidhani anatia chumvi. Kumbe miaka yote aliwapunguzia wanawe maji, na wiki hii amekuwa akiyarudisha. Kidogo kidogo. Kupitia mikono yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Sufuria ni kifuniko cha dawa ya kikohozi. Mwiko nimemtengeneza kwa plasta, tumbo nimelizidisha kama alivyoomba. Nikamwacha akauke kwenye sahani. Kiroboto akamtia kwenye uji. Nimemtoa mzima, ila kofia sijaiona. Tutaiona kesho au keshokutwa.

Tabaka la mwisho ndilo litakalofunika paa na kuishika sufuria isianguke. Linahitaji siku nzima kukauka. Sherehe ni keshokutwa saa tano. Kwa hiyo kesho asubuhi, au basi tena. Nimemwambia Baba hivyo. Akasema au tuliache lilivyo. Paa likionekana, mtu anaweza kudhani lilivuka.

Nikasema mtu gani, Baba? Wote walikuwepo.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nimekaa kizingitini, mguu wangu mmoja umemzuia Kiroboto asiingie.

Nimechanganya. Muuza rangi alisema baada ya dakika ishirini rezini inakuwa nzito, haimwagiki tena. Zimepita tisa.

Nimempa Baba kikombe. Nikasema hili la mwisho simwagi mimi, dereva ni wewe.

Akasema, mwanangu, mikono hii itaharibu. Itatia mawimbi.

Nikamwuliza, kwani mto ule ulikuwa umetulia?

Haukutulia, akasema.

Dakika kumi na mbili. Ametoa dereva mfukoni. Masharubu yamefutika nusu. Amemlaza nyuma ya sufuria, mikono mbele, kama anasukuma. Akamtazama. Akamsogeza kidogo, akamgusisha.

Kumi na nne. Amepiga chafya. Anasema naona kama mafua yananijia. Nimesema Baba, leo nyumba hii haina mafua. Nimesema kwa sauti ile ninayotumia kumwambia Kiroboto aachie kisu. Akasimama wima kabisa! Karibu anipigie saluti.

Kumi na sita. Mwiko amepiga simu, nimemwambia subiri, sijakata. Namsikia anapumua. Kiroboto ameacha kusukuma mguu wangu, naye anatazama. Paa la lori bado liko nje, kijani, kavu, dogo kama kipande cha sabuni.

Kumi na saba. Kikombe kimeinama. Mkono unatetemeka, na kikombe, na tone la kwanza pale kwenye ukingo, linavutika, refu —