Vikundi Visivyo na Meneja

Jumanne, 9 Septemba 2025
Jarida limejibu! Nimefungua simu mkono ukiwa na unga wa anjera, chapati zetu za maji. Wamekataa makala yangu. Mhakiki wao anasema hesabu ziko sawa, ila matokeo "hayalingani na yanayojulikana kuhusu uongozi bora". Yanajulikana na nani? Mwaka mzima nimewafuata akina mama wauza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Vikundi visivyo na meneja vinauza sawa na vyenye meneja, tena kwa ugomvi mdogo zaidi. Basi! Mhakiki hakuyapenda tu. Na bila makala kuchapishwa kabla ya Desemba, chuo hakinipi kazi ya kudumu. Nimekula anjera zote kwa hasira. Hooyo, mama yangu, analalamika: "Idil, zote?"

Alhamisi, 11 Septemba
Mowlid, mwalimu mwenzangu, ana dawa: niandike kwamba vikundi vile vina "uongozi uliojificha". Eti watachapisha mara moja. Nimecheka mpaka chai ikanipalia! Jioni nikamsimulia Ramlo, wa kikundi kimoja kisicho na meneja, sokoni akiuza maziwa yake. Akasema huyo kiongozi aliyejificha atoke haraka, kuna mitungi ya kuosha.
Sigeuzi hata neno.

Jumatano, 17 Septemba
Loo! Jarida lilelile linaniomba nihakiki makala ya mtu mwingine. Mimi, waliyenitupa juzi! Nimemringia Mowlid kutwa. Wallahi nitakuwa mhakiki wa haki, si kama yule wangu.

Jumapili, 21 Septemba
Nimeisoma. Jina la mwandishi limefichwa. Anasema mafunzo ya biashara kwa akina mama sokoni hayaongezi mauzo hata kidogo.
Mafunzo! Haya haya ninayofundisha kila Jumamosi, nikipigiwa makofi! Haiwezekani. Amepima vibaya huyu.
Nimekagua jedwali la kwanza — sawa. La pili — sawa. La mwisho nimelipigia hesabu upya, natafuta kosa kwa hamu mpaka nikajionea haya. Sawa.
Nikampigia Ramlo, najifanya nauliza tu: yale mafunzo yamekusaidia?
"Abaayo, dada yangu," akasema, "ile chai yenu ya Jumamosi tamu sana, wallahi."
Nimecheka. Si sana.
Sasa ukurasa wa maoni uko wazi kwenye kompyuta, mhariri anangoja. Nilikuwa nawaza mengine kabisa, kumbe vidole vimeshaandika: "Matokeo haya hayalingani na yanayojulik—"
Subhanallah, Idil!
Bado sijafuta.