Upande wa Pili wa Punda

Zombe, Jumanne

Yvonne mwanangu,

Sisi tuko, na mbaazi zimetoa maua. Mchele uliotuma kutoka dukani kwako Sultan Hamud ulifika, ingawa una mawe.

Ulipomleta binti yako Katunge, uliniambia nimwache afanye makosa yake ndipo akomae. Nimemwacha. Ameunguza isyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, yote yakawa meusi, tukala hivyo hivyo. Akienda mtoni kuchota maji ya mchangani, alikuwa anafunga mitungi upande mmoja wa punda kwanza, mzigo unapinduka, maji yanamwagika. Unajua kupakia punda kunataka watu wawili, mmoja kila upande, lakini nilisema atatafuta njia.

Sasa analeta mitungi minne, miwili kila upande, imefungwa vizuri. Nilifurahi, nikamuuliza ni nani anamshikia upande ule mwingine.

"Ni mama, Susu," akanijibu mimi bibi yake. "Anatoka kwa kile kisima cha mchangani ninapochota. Anasema hawezi kuja nyumbani mpaka wewe umwite."

Nilishuka mtoni mwenyewe. Nyayo zilikuwa za mtoto na za punda tu.

Kama umekuwa ukija kimyakimya, sitakugombeza. Kama hukuja, funga duka leo uje, kwa sababu kosa hili sitamwachia ajifunze mwenyewe.

Nimemkataza kwenda huko tena. Lakini leo asubuhi, ile leso uliyoacha haikuwa kwenye kamba. Katunge anasema alikupelekea jana, maana ulikuwa unatetemeka kwa baridi.

Mama yako,
Kavindu