Ukuta wa Dhahabu wa Mama Shufaa

Jumatatu, 1 Desemba 2025
Nimepaka geti la Mama Shufaa, hapa Kihesa. Rangi ya fedha, mikono miwili, yaani nimeipaka mara mbili. Baba mdogo Zabron alikaa juu ya ndoo akiongea na simu. Jioni Mama Shufaa akarudi kutoka dukani kwake, akasema geti linawaka! Baba mdogo akajibu: "Mkono wa miaka ishirini huo, mama." Mimi nilikuwa naosha brashi. Sikusema kitu. Mimi huwa sisemi.

Jumanne, 2 Desemba
Kuna kazi ya hoteli Mbeya, wiki ijayo. Baba mdogo atachukua mtu mmoja tu – mimi au Fred, msaidizi wake mwingine. "Ukiuweza ukuta wa sebuleni kwa Mama Shufaa, Tekla, unakwenda wewe. Kama fundi." Nimeshindwa kula. Fundi! Si mshika ngazi.

Jumatano, 3 Desemba
Ukuta wa rangi ya dhahabu si kama ukuta mwingine. Unakoroga rangi kila mara, maana unga wake unazama. Unaanza kona moja mpaka ya pili bila kusimama. Ukisimama, panakauka, mstari unabaki. Nilimaliza saa saba. Ulikuwa safi. Najua ulikuwa safi.

Baada ya chakula baba mdogo akaona katundu karibu na swichi. Akachovya brashi. Nilitaka kusema rangi imeshashika, usiguse. Mtu mzima, tena ndiye aliyenifundisha – unamwambiaje? Akapaka. Saa kumi jua likaingia dirishani, kiraka kikaonekana kama sahani iliyobandikwa ukutani.

Mama Shufaa alipiga kelele: Jumamosi wageni wa posa ya binti yangu waje kuangalia doa hili? Baba mdogo akaninyooshea kidole. "Huyu bado anajifunza, mama. Tusamehe."

"Basi mtoto asiguse tena ukuta wangu!"

Alhamisi, 4 Desemba
Fred kanikuta dukani. "Eti umempakulia mama wa watu sahani ukutani?" Akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo baba mdogo kasimulia! Mama yangu anasema ninyamaze, baba mdogo naye ni baba. Nimenyamaza. Ninachofanya kila siku ni hicho.

Ijumaa, 5 Desemba
Baba mdogo alinifuata asubuhi. Mama Shufaa yuko dukani, twende ukaurudie ukuta. Hakuona hata haya. "Ukisikia geti, nipe rola haraka."

Nilikuwa katikati ya ukuta geti likalia. Akanyoosha mkono. "Lete." Nikimpa, mstari. "Lete, Tekla!"

Sikumpa. Nikaendelea. Mama Shufaa akasimama mlangoni na mfuko wa mchele, akatutazama: mmoja anapaka, mwingine mkono uko hewani. Nilifika kona ya pili. Hakuna mstari.

Sasa niko uani. Naandika haraka. Baba mdogo alikuwa hapa kwenye ngazi, akiongea na simu kwa sauti ili nisikie: "Fred, panga nguo zako. Jumatatu alfajiri, stendi." Hata hakunigeukia.

Halafu Mama Shufaa akaita kutoka ndani: fundi, njoo unywe chai! Baba mdogo akaitika, akaingia. Kumbe nilitegemea nini?

Mama Shufaa anaita tena. "Wewe kaa, Zabron. Nimemwita fundi."

Ananiita mimi. Najua inabidi nisimame –